Kifuniko

Katika nyumba yetu hapa Mbeya mashine ya kufulia nguo iliingia mwezi Juni 2023. Kabla ya hapo, kwa muda wa miaka arobaini na minane ya ndoa yetu, nguo zilifuliwa kwa mikono: kwanza mikono ya mke wangu, kisha ya mabinti zetu, kisha ya wasichana waliokuja kutusaidia kazi, na kwa kipindi fulani, nikiri, hata ya wanachuo waliokuwa wakitumikia adhabu. Watoto wetu walichangishana, wakainunua Dar es Salaam, ikapandishwa basi ikiwa imeviringishwa blanketi kuukuu. Ni mashine ya matangi mawili. Tangi la kushoto ni kubwa, la kufulia. La kulia ni dogo, la kukamulia. Nguo unazihamisha kwa mkono kutoka tangi moja hadi jingine. Vijana wa mjini wanaiona ya kizamani, lakini kwa nyumba ambayo maji huja kwa zamu ndiyo inayofaa, maana unaijaza kwa ndoo.

Mke wangu hakuiamini. Alikaa kwenye kigoda, akafungua kifuniko cha tangi la kufulia, akatazama shati langu likipinduka mle ndani kwa nusu saa nzima, akaridhika kidogo. Tatizo lilikuwa upande wa pili. Tangi la kukamulia halizunguki mpaka kifuniko chake kifungwe, na ukikifungua kazi ikiwa inaendelea, linasimama katika sekunde chache. Hapo akaona pana siri. "Kitu kinachokataa kutazamwa," aliniambia, "kina jambo lake." Shuka mbili zilipotoka na alama za kutu, ambazo mimi naamini zilikuwa nazo tangu zamani, shauri likaharibika kabisa.

Mjukuu wetu, wakati huo akiwa kidato cha tatu, akamhurumia bibi yake. Akamleta kijana mmoja wa mtaani anayetengeneza redio na pasi. Mimi nilikuwa nimekwenda kanisani kwenye kikao cha kamati ya ujenzi. Niliporudi niliwakuta wote watatu wameinama juu ya mashine, kifuniko kimeegemezwa ukutani, na lile tangi dogo likizunguka wazi kwa kasi ambayo jicho halikuweza kutofautisha nguo na nguo. Ilikuwa duara moja la rangi ya kijivu likivuma. Mke wangu alikuwa anatabasamu. Kitenge chake kilining'inia shubiri moja kutoka kwenye mdomo wa tangi.

Nilichomoa waya ukutani kwa nguvu iliyopasua soketi, na nikapaza sauti kama sijapata kuipaza tangu nilipostaafu mwaka 2009. Kijana wa redio aliondoka bila kudai ujira wake. Mke wangu hakusema nami hadi jioni. Mjukuu ndiye aliyeuliza, kwa adabu: "Babu, kwani tulikuwa tunafanya nini kibaya? Tulikuwa tunatazama tu."

Swali hilo lilistahili jibu kuliko ukali. Kwa muda wa miaka thelathini na zaidi nilikuwa nimewafundisha walimu wanafunzi kwamba mtoto hafahamu mpaka aone. Kulijibu, hapana budi nirudi nyuma sana.

Sisi wa Nyanda za Juu za Kusini tulizoea kazi ya wazi. Kufua kulikuwa kazi ya mtoni, na mto hauna kifuniko. Nikiwa kijana Iringa, siku za Jumamosi, tuliteremka kutoka mjini hadi Ruaha Mdogo, kila mmoja na beseni na kipande cha sabuni ya mche. Kila mtu alijua nguo ya nani imeraruka na ya nani ina viraka. Ukifua ovyo, wenzako waliona. Maji yalikuwa ya baridi hata mwezi wa kumi na mbili. Katika kipupwe cha Juni na Julai vidole viliganda mpaka kitufe hukisikii. Waliokuwa na fedha walimpelekea dobi, jina tulilolipata kwa Wahindi pamoja na kazi yenyewe, lakini hata dobi alifua uani na kuanika hadharani. Habari ya mashine tuliisikia vitabuni tu.

Mashine nyingine zilizotufikia mapema nazo zilikuwa wazi. Rungwe na Mbozi, mkulima wa kahawa alikuwa na kile chombo cha kumenyea chenye mpini wa kuzungusha kwa mkono. Matunda mekundu yanaingia juu, maganda yanatoka huku, buni zinatoka kule, na mtoto wa miaka sita akitazama kwa dakika tano anaweza kukueleza yote. Cherehani ya fundi barazani ni vivyo hivyo. Hata baiskeli huficha kidogo sana. Ndiyo maana, nadhani, watu wa kizazi chetu walipokutana na mashine iliyofunikwa, wazo la kwanza lilikuwa kuifunua.

Huko zilikotengenezwa mashine za kufulia nako zilianza zikiwa wazi. Mmarekani James King alipata hataza ya mashine yenye pipa la kuzungushwa kwa mkono mwaka 1851. Mwanzoni mwa karne ya 20 watengenezaji walianza kufunga mota ya umeme chini ya pipa. Juu ya pipa hilo, kwa miaka mingi, palikaa magurudumu mawili ya mpira yaliyobanana, kama yale ya kukamulia juisi ya muwa pale stendi. Unapenyeza nguo iliyolowa upande huu, inatokea upande wa pili ikiwa bapa na imekaribia kukauka. Yalifanya kazi vizuri. Lakini magurudumu hayo hayakujua tofauti ya shati na mkono uliolishika. Mwishoni mwa miaka ya 1930 madaktari wa Marekani walianza kuandika katika majarida yao juu ya majeraha yake, na jeraha hilo likapata jina lake lenyewe hospitalini, maana wengi wa walioletwa walikuwa watoto. Mtoto anatazama, kidole kinafuata jicho, na mkono unafuata kidole.

Kukamua kwa kuzungusha ndiko kulikoyaondoa magurudumu hayo. Kanuni yake ni ile tuliyoionyesha darasani kwa kopo la maji lililofungwa kamba: ukilizungusha kwa kasi, maji hukimbilia nje. Tangi lina matundu. Nguo zinabaki, maji yanatoka. Ila watu hawapendi kufanya hesabu yake, nami nilimfanyisha mjukuu siku ileile jioni, kwa kalamu na karatasi, kwa kuwa hasira yangu ilikuwa imetulia na yake ilikuwa inaanza. Karatasi iliyokuja na mashine inasema tangi la kukamulia huzunguka mara 1,350 kwa dakika. Tulipima upana wake tukapata sentimita 25. Mzingo wake basi ni kama sentimita 78 na nusu. Zidisha: ukingo wa tangi lile unakwenda takriban mita 1,060 kila dakika, yaani karibu kilometa 64 kwa saa. Hakuna dereva mwenye akili timamu anayeteremsha lori la mzigo mlima Kitonga kwa mwendo huo. Na nguo iliyobanwa ukingoni hujisukuma nje kwa nguvu inayozidi uzito wake mara 250. Shati lililolowa la kilo moja linavuta kama kilo 250. Ncha ya kitenge ikiingia mle haitoki. Na mwenye kitenge anaifuata.

Mjukuu alirudia hesabu mara mbili. Kisha akatazama kule kwenye kigoda cha bibi yake, asiseme neno.

Kwa hiyo kifuniko kile kimelipiwa gharama. Ndani ya bawaba yake kuna kidole kidogo cha plastiki kinachobonyeza swichi. Kifuniko kikiinuliwa, swichi inakata umeme. Kuna pia waya mwembamba wa chuma unaoachia breki chini ya tangi, kwa maana kukata umeme peke yake hakutoshi: kitu kizito kinachozunguka huendelea kuzunguka. Kijana wa redio alikuwa ameunganisha nyaya mbili za swichi, "kupiga dairekti" kama wanavyosema wenyewe, na ile breki ameifunga kwa waya wa uzio ibaki imeachiwa daima. Kazi yake ilikuwa safi. Hilo ndilo linalotisha katika ufundi wa mtaani. Nyaya zimeunganishwa kwa ustadi kabisa, na mtu anaweza kufa.

Wazo hili la kuziwekea mashine kinga si la nyumbani kwa asili yake. Lilitoka viwandani. Uingereza iliagiza kwa sheria mwaka 1844 kwamba mashine ambazo wanawake na watoto walifanya kazi karibu nazo zizungushiwe uzio. Tanganyika ilipata Sheria ya Viwanda mwaka 1950, nayo ikadai vivyo hivyo kwa mikanda na magurudumu, mpaka ilipofutwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Hiyo ya 1950 ilikuwa ikitumika siku zote nilipokuwa mkufunzi kijana. Nasema hivyo kwa makusudi, kwa sababu sitaki kujificha nyuma ya maneno kwamba enzi zile hatukujua.

Mwaka 1978 nilikuwa mkufunzi wa sayansi katika chuo kimoja cha ualimu mkoani Iringa. Sitakitaja jina. Ilikuwa enzi ya Elimu kwa Wote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limeagiza kila mtoto aingie shule, na walimu walitakiwa kwa maelfu, upesi. Vyuo vilifurika. Elimu ya Kujitegemea, tangu 1967, ilitaka chuo kijilishe. Kwa hiyo tulikuwa na shamba la mahindi, mabanda ya nguruwe, na mashine ya kusaga. Mashine hiyo, ya injini ya dizeli, ilikuwa ndicho chombo cha kisasa pekee chuoni, ukiacha lori ambalo halikuwa na matairi. Maabara yetu ilikuwa na mizani mbili na chupa.

Nilikuwa na somo la nguvu na mwendo. Nilitaka walimu wanafunzi waone gurudumu kubwa likizungusha dogo. Injini ilizunguka mara 650 kwa dakika. Puli yake ilikuwa na upana wa sentimita 60, na ile ya kinu sentimita 15. Kwa hiyo kinu kilizunguka mara 2,600. Ubaoni hiyo ni hesabu tu. Mbele ya mashine ni kitu kingine, kifua kinatetemeka. Lakini mkanda ulikuwa umefunikwa na kinga ya wavu na bati, huoni kitu. Nikamwomba mpishi bisibisi na spana, nikaifungua kinga kwa mikono yangu, nikaiegemeza ukutani. Niliwapanga wanachuo ishirini na wanne katika chumba ambacho kingetosha kumi. Nikawasha injini, nikaanza kueleza kwa kupiga kelele.

Lilikuwa somo zuri. Nimefundisha kwa miaka thelathini na minne na nalihesabu kati ya masomo yangu mazuri, kwa dakika kama kumi na tano. Kisha mwanachuo mmoja wa kike, aliyekuwa mstari wa mbele, alinyosha mkono kuonyesha jambo kwenye puli ndogo. Alikuwa anauliza swali. Sikulisikia kwa sababu ya kelele. Mkono wa sweta yake, maana ilikuwa mwezi wa saba, uliingia kati ya mkanda na puli.

Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia.

Yaliyofuata yalikuwa ya kawaida kwa nyakati zile: gari la kukodi, hospitali, maombi. Siku ya tatu nilitakiwa kuandika taarifa. Niliiandika usiku kwa taa ya kandili, na sentensi moja nimeihifadhi kichwani miaka yote hii bila kutaka. Niliandika kwamba mwanachuo alikuwa ameonywa asiisogelee mashine, akakaidi. Kuhusu kinga niliandika kwamba "haikuwepo wakati wa tukio". Sentensi hiyo ni kweli tupu, na ni uongo mtupu. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mke na mtoto mmoja, na nilikuwa nimependekezwa kwenda kusoma zaidi. Nilikwenda kusoma.

Yeye alimaliza chuo, akafundisha. Nilimwona mara moja, miaka mingi baadaye, kwenye semina hapa Mbeya. Alikuja kunisalimu mwenyewe. "Shikamoo mwalimu," akanipa mkono ule ule. Nikaitikia marahaba, nikauliza habari za watoto.

Hili ndilo jibu nililokuwa nalo kwa mjukuu, na nilimpa nusu yake tu. Nilimweleza ajali, sikumweleza taarifa. Lakini yeye, kama walivyo vijana, alikuwa amekwisha kupata swali la pili. Alisema: "Sasa babu, kosa lilikuwa kutazama, au kosa lilikuwa kutoa kinga?"

Nilikaa na swali hilo usiku mzima. Asubuhi nikakumbuka habari mbili.

Ya kwanza ni ya mwaka 1937. Mwaka huo kampuni ya Bendix ya Marekani ilitoa mashine ya nyumbani iliyofua, ikasuuza na kukamua yenyewe. Ilitikisika hivi kwamba ilibidi ifungwe sakafuni kwa bolti. Lakini mlango wake ulikuwa mbele, nao ulikuwa na kioo cha duara, kama dirisha la meli. Mashine ilijifunga na bado ilitazamika. Mtu yeyote aliyebuni dirisha lile alijua jambo ambalo mimi sikulijua mwaka 1978.

Ya pili ni ya Hans Rosling, daktari Mswidi ambaye kuanzia 1979 hadi 1981 alifanya kazi Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, jirani zetu kabisa. Baadaye alipata umaarufu kwa kufundisha takwimu, na mwaka 2010 alitoa mhadhara juu ya mashine ya kufulia. Alisimulia kwamba alipokuwa na miaka minne wazazi wake walinunua mashine yao ya kwanza, na bibi yake akaalikwa siku ya kuiwasha. Bibi huyo alikuwa amechemsha maji kwa kuni na kufua kwa mikono nguo za watoto saba. Aliomba abonyeze kitufe yeye mwenyewe. Kisha akaketi mbele ya mashine akaitazama tangu mwanzo mpaka mwisho wa kufua. Rosling aliiona kama muujiza kwa bibi. Mimi nina mawazo tofauti kidogo, kwa kuwa nimemwona mke wangu kwenye kigoda. Mwanamke aliyefua miaka hamsini hatazami muujiza. Anakagua kazi. Yeye ndiye mtaalamu mle chumbani, na anataka kujua kama yule aliyeajiriwa mahali pake anasuuza vizuri. Kumfungia mlango ni kumvunjia heshima.

Basi nikaenda kule Mwanjelwa, eneo la Sido, nikamtafuta fundi mzima, mtu wa makamo aliyewahi kuwa mwanafunzi wa mwanafunzi wangu. Nilimweleza: nataka tangi litazamike, na nataka swichi na breki virudi kama vilivyotoka kiwandani. Alicheka. Alisema watu humjia kila wiki wakitaka vitolewe. Hakuna aliyewahi kutaka virudishwe.

Kazi ilichukua siku mbili. Kwanza alichomoa mashine, akaitoa umeme ule unaobaki kwenye kapasita hata baada ya kuchomoa, jambo ambalo kijana wa redio hakulifanya na angeweza kulijua kwa njia mbaya. Akafungua muungano wa nyaya, akarudisha swichi, akafungua ule waya wa uzio na kurekebisha breki mpaka tangi tupu likawa linasimama kabla hujahesabu tano. Kifuniko chenyewe hakukitupa, maana bawaba na kile kidole cha plastiki vimo humo. Alikata dirisha katikati yake kwa msumeno wa chuma, akiacha fremu pana pande zote. Chini yake akaweka kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, ile wanayotumia kwa vibao vya matangazo, unene wa milimita 5, akakifunga kwa bolti kumi na kuziba kingo kwa silikoni. Nilimuuliza kwa nini bolti kumi na si nne. Akasema, "Mwalimu, likitoka sarafu mfukoni mwa suruali mle ndani, wewe ungependa bolti ngapi?" Nikanyamaza. Sarafu ile nayo ingetoka kwa kilometa 64 kwa saa.

Simshauri msomaji afanye hivyo mwenyewe mezani kwake. Kifuniko kilichokatwa kimedhoofishwa, na plastiki nyembamba ni mbaya kuliko kutokuwa na kitu, kwa kuwa inadanganya.

Mke wangu aliketi kwenye kigoda chake, safari hii hatua mbili nyuma. Nguo zilijipanga ukutani mwa tangi kama mkate katika kikaango, katikati pakabaki shimo, na maji yakamwagika kwa bomba la chini yakiwa bado na povu. Aliyatazama maji hayo zaidi kuliko nguo. Kisha akatoa hukumu: mashine haina kosa, ila mjukuu alikuwa anasuuza mara moja tu, na nguo husuuzwa mara mbili. Hilo nusu saa la kutazama lilituokoa ugomvi wa miezi.

Maji hayo, wakati nayatazama, yalinirudisha Ruaha Mdogo. Povu la sabuni zetu za Jumamosi lilishuka na mto ule hadi Ruaha Mkuu, ambao nao hupokea maji ya huku kwetu Mbeya kupitia bonde la Usangu. Mitambo ya Kidatu ilianza kuzalisha umeme mwaka 1975, na ile ya Mtera ilikamilika 1988. Kwa hiyo maji yaliyotugandisha vidole ndiyo yaliyokuja kuzungusha mota. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, na tuliokaa gizani kwa mgawo wa umeme wa 1994 na wa 2006 tulipata kuona jinsi mto na waya vilivyo kitu kimoja. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Ilibaki nusu ya pili ya jibu langu.

Namba yake ya simu niliipata kwa mkufunzi mwenzangu mstaafu. Anaishi Mafinga, amestaafu, ni mjane. Nilimpigia Jumapili mchana. Nilimsimulia habari ya mashine, kifuniko, mjukuu. Alicheka mahali pa kuchekea. Kisha nikamwambia juu ya taarifa, neno kwa neno, pamoja na ile sentensi ya kinga.

Alikaa kimya kidogo. Akasema, "Najua, mwalimu. Karani alinisomea mwaka ule ule. Ndiyo sababu chuo kilikataa kurudisha fedha za matibabu. Baba aliuza ng'ombe." Hakusema kwa hasira, wala hakusema kwamba amenisamehe. Mimi sikuuliza. Nilimwambia kwamba niliifungua kinga mimi mwenyewe, kwa spana ya mpishi, na kwamba hakuonywa na mtu yeyote. Akasema, "Hilo nalo nalijua. Nilikuwepo."

Kabla hatujaagana nilimuuliza ni swali gani alilotaka kuuliza siku ile. Alilikumbuka mara moja. Alikuwa ameona kwamba mkanda ulikuwa unateleza kwenye puli ndogo, na alitaka kujua kama hesabu yangu ya mara 2,600 ilikuwa bado sahihi. Haikuwa sahihi. Mkanda ukiteleza, kinu huzunguka pungufu. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kulifikiria hilo.

Kisha akauliza mashine kama yangu inauzwa kiasi gani, kwa kuwa Mafinga mwezi wa saba, kwa mkono wenye vidole vitatu, kukamua blanketi ni kazi. Nikamtajia. Akasema ni nyingi. Nimezungumza na watoto wangu na sasa wanajua kwa nini. Kwa fundi, kile kibao cha plastiki kimebaki kipande kinachotosha kifuniko kimoja zaidi, nimemwambia asikiuze.